Baba Alikuwa Mbele

Lori lilikuwa limeshatoka getini na kuanza kuteremka pale Spana alipolikatia njia kwa gari la polisi. Vumbi la magari mawili likapanda, likakutana, likawashukia wote bila kubagua cheo.

"Afande, ningekugonga!" Mwenye lori alichungulia dirishani. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. "Breki zangu zenyewe ni za kumwomba Mungu!"

"Hilo nitaliandika baadaye," Spana alisema. "Zima injini kwanza."

Spana alikuwa fundi wa gereji ya polisi, koplo aliyebakiza miezi minne astaafu, na jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Inspekta, aliyekuwa kando yake garini, alikuwa amemwomba kwa mkuu wa kituo asubuhi ile. Jalada lilikuwa na kila kitu: maelezo ya mashahidi, mchoro wa eneo, ripoti ya daktari, na ungamo la baba wa marehemu lenye saini kila ukurasa. Kesho saa tatu baba huyo angesomewa shitaka la kuendesha kwa hatari na kumuua binti yake wa miaka sita. Kitu kimoja tu hakikuwamo ndani ya jalada: ripoti ya fundi; hakuna aliyeikagua mashine iliyomuua mtoto.

"Kesi imejipika yenyewe, mama," mkuu wa kituo alimwambia. "Wewe pakua tu."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na hakuwahi kula chakula kilichojipika chenyewe.

Nyuma ya lori, juu ya mabati yenye kutu na fremu za vitanda, ilikuwepo pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu, usukani umepinda kama pembe ya mbuzi. Pale shambani waliiita Punda, kwa kuwa ilibeba chochote bila kulalamika. Siku tisa zilizopita ilipinduka kwenye mteremko wa kwenda pampu ya maji, ikamlalia mtoto.

"Nani kakuuzia?" Inspekta aliuliza.

"Tajiri mwenye shamba, kwa simu. Anasema akija hataki kuikuta."

"Na nani kakupakilia?"

Mnunuzi alivua kofia. "Msimamizi wa shamba. Baba wa mtoto. Niliona haya, Afande, lakini kazi ni kazi. Kabla hatujainyanyua aliniambia ngoja kidogo. Akachuchumaa, akakata kitu pale chini kwenye pedali, kilichofungwa kwa mpira. Akaenda nacho ndani."

"Kitu gani?"

"Sikuuliza. Mtu akibeba kitu vile, kwa mikono miwili, humuulizi."

"Ishushe."

"Niishushe? Tumeipandisha watu sita!"

"Basi tutapanda sisi."

Spana alipanda akilalamikia magoti. Alikuwa ameshaweka dau njiani kwamba ni breki. Kwenye kila ajali, alisema, wenye mali huanza na breki. Na tajiri anayeuza mashine kwa simu kabla ya siku kumi kwisha ni mtu anayetaka breki zake zisiangaliwe. Inspekta naye aliliona hilo lina mashiko. Spana akabana breki ya mkono: ikashika. Akakanyaga ya mguu: ikashika. Mafuta ya breki yalikuwa tele. Akabonyeza kwa dole gumba kile kiwiko kidogo cha kulia kinachoongeza mafuta, akakiachia, kikarudi chenyewe mahali pake. Alirudia mara tano.

"Punda hana kosa," alisema hatimaye. "Na punda akiwa hana kosa, basi aliyempanda ndiye..." Alimwona Inspekta anavyomtazama, akaumeza mzaha wake.

"Endelea chini."

Chini, kwenye pedali ya breki, kulikuwa na mistari miwili ya mpira mweusi ulionata, aina ya mpira unaokatwa kwenye tyubu ya tairi. Katikati ya mistari ile chuma kilikuwa safi, hakina tope wala kutu. Mraba wa upana wa vidole vinne.

"Hapa palikuwa na kibao," Spana alisema. "Kimekaa muda mrefu. Mwaka, zaidi."

"Cha nini?"

"Cha kuinua pedali. Mguu usiofika, unaileta pedali kwenye mguu."

Inspekta alitoa futikamba. Kutoka kitini hadi kwenye pedali alipata urefu ambao mtu yeyote mzima angeufikia akiwa amesinzia. Akafungua jalada. Urefu wa mshitakiwa: futi sita kasoro inchi moja.

Spana alihamia nyuma, kwenye keria ya mizigo. Alikuta fundo la kitambaa cha rangi ya chungwa, chembamba, cha kike. Fundo lilikuwa limekaza, moja juu ya jingine, na ncha zote zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Inspekta alilipiga picha, akakata kwa koleo la Spana kipande cha chuma lilipofungwa ili asilifungue, akalitia mfukoni pamoja na chuma chake, akaandika tarehe na saa.

Kwenye madigadi ya nyuma kulikuwa na stika ya kiwandani. Maneno yake yalikuwa ya lugha ya kigeni, nusu yamechubuka. Picha ilibaki nzima: mtu ameshika usukani, mtu mwingine mdogo nyuma yake, na mstari mwekundu mnene umempita yule mdogo kutoka begani mpaka kiunoni.

"Marufuku kupakia mtu," Spana alisema. "Hiyo kila mtu anaijua."

"Kila mtu," Inspekta alisema, akaipiga picha nayo.

*

Nyumba ya msimamizi ilikuwa nyuma ya ghala la kufungia mboga, vyumba viwili na baraza. Kwenye msumari wa nguzo ulining'inia ufunguo. Chini yake, juu ya gunia, kulikuwa na kofia ngumu ya pikipiki imegeuzwa mdomo juu, na ndani yake kuku ameatamia mayai. Alimtazama Inspekta kwa jicho moja kama anayemuuliza kibali.

Msimamizi alikuwa ameketi kwenye benchi, yuko nje kwa dhamana mpaka kesho. Upande wa pili wa baraza, mbali naye kadiri baraza lilivyoruhusu, mkewe alikuwa ameketi na begi lililofungwa zipu. Anamsubiri kaka yake, alisema. Anarudi kwao. Alisema hivyo kwa Inspekta, si kwa mumewe. Baadaye Inspekta alikuja kujua kwamba tangu mazishi hajampa mumewe neno hata moja, hata la chumvi.

"Nimeshaeleza yote, Afande," msimamizi alisema. "Nimetia saini."

"Nirudie. Sisikii vizuri."

"Pampu iliishiwa dizeli. Nikachukua galoni, nikampakia mtoto, tukaenda. Kwenye kona ya mteremko nikakata kushoto, ikapinduka. Mimi nikarushwa. Yeye..." Akasimama hapo.

"Uliumia wapi?"

"Sikuumia."

"Mtu wa kilo themanini na tano anarushwa kwenye mawe, hana hata mchubuko?"

"Mungu ana mipango yake."

"Mungu mwache alipo," mkewe alisema, uso ukiwa umeelekea barabarani.

Msimamizi aligeuka kumtazama. Hata hilo, kwake, lilikuwa neno.

"Ulivaa kofia?" Inspekta aliendelea.

"Iko pale. Kuku kaitagia."

"Tangu lini haivaliwi?"

"Zamani. Ilikuwa inampwaya."

"Inampwaya nani? Wewe kichwa chako kinaijaza."

Msimamizi alilamba midomo. "Mtoto. Chiriku." Hilo ndilo jina walilomwita marehemu, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno.

"Kwa hiyo Chiriku alikuwa anapanda mara kwa mara?"

"Mara moja moja."

"Na kibao?"

Msimamizi aligeukia mlango.

"Leo asubuhi umekata kibao kwenye pedali, ukaingia nacho ndani. Kilikuwa cha nani? Cha Chiriku hakiwezi kuwa. Anayekaa nyuma hakanyagi breki."

Msimamizi alifungua mdomo, na hapohapo pazia la mlangoni likasogea. Akatoka mvulana wa miaka kumi hivi, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, kidevuni kovu bichi. Viatu vyake vya shule vilikuwa miguuni lakini kamba zimeachwa, zinaburuta. Jalada lilikuwa na mstari mmoja juu yake: kaka wa marehemu, alianguka kutoka juu ya banda la kuku siku moja kabla ya ajali, hakuwepo kwenye tukio.

"Baba, rudi ndani," msimamizi alisema haraka.

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Mume wangu!" sauti ya kikongwe iliita kutoka ndani. "Njoo unywe dawa yako, usinitoroke na vimwana huko nje!"

Mvulana akaingia.

"Umemwita nani?" Inspekta aliuliza.

"Mwanangu huyo."

"Umemwita Baba."

"Ana jina la marehemu baba yangu. Tangu azaliwe namwita hivyo." Sauti yake ilipungua alipokuwa akisema, kama mtu anayeona mguu wake unakwenda shimoni na hawezi tena kuurudisha.

"Nyumba nzima," mkewe aliongeza bila kujua anachoongeza. "Mimi akiniudhi namwita Baba mkwe."

Inspekta alifungua jalada kwenye maelezo ya bibi. Yalikuwa mistari minne, mwandiko wa konstebo wa zamu. *Niliwaona wakipita nyuma ya banda. Baba alikuwa mbele, mtoto alikuwa nyuma.* Juu ya neno *Baba*, kwa herufi ndogo zilizobanwa katikati ya mistari, konstebo alikuwa ameongeza maneno mawili ya kwake, ili mambo yaeleweke: *wa marehemu*.

Akafunga jalada.

"Spana," alisema, "kaa na huyu bwana hapa."

*

Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lenye wavu. Bibi alikuwa ameketi kitandani na chupa ya dawa. Mvulana alikuwa amejibana ukutani.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile karatasi."

"Uliposema Baba alikuwa mbele..."

"Yule kijana wa kalamu aliniuliza nani alikuwa mbele. Nikamwambia Baba. Hakuniuliza Baba yupi."

"Na ulipoona mwanao anakamatwa?"

Bibi alifunga kizibo cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. "Mwanangu alinishika miguu. Mtu mzima na ndevu zake, kanishika miguu. Akasema, mama, liache liende hivyohivyo. Sasa ningefanyaje? Nimezaa mmoja. Mimi nilisema kweli, mama. Nyinyi ndio mliosikia vingine."

Mvulana hakusogea.

Kwa utaratibu mtoto hahojiwi bila mzazi. Inspekta alijua baba hawezi kuwa mzazi huyo, na alijua aliyebaki ni nani. Akasimama mlangoni, akamwita mama.

"Kaka yangu atafika sasa hivi," mama alisema.

"Atasubiri. Njoo ukae na mwanao."

Aliingia na begi lake, akaliweka magotini. Inspekta akachuchumaa mbele ya mvulana ili macho yao yawe sawa.

"Sikiliza nikwambie kitu kabla hujaniambia wewe. Sheria haimpeleki jela mtoto wa umri wako. Kwa lolote. Umenielewa?"

"Hata kama..."

"Hata kama."

"Na baba je?"

Angeweza kudanganya. "Sijui," alisema. "Nitaandika kilichotokea, wengine watapima."

Mvulana alimtazama mama yake, kisha begi. "Baba aliniambia asubuhi, nikitoka shule nipeleke dizeli kwa pampu."

Mikono ya mama ilikaza begi.

"Huwa unaendesha wewe?"

"Tangu darasa la pili. Gia ya kwanza na ya pili tu. Tajiri alinipiga picha siku moja, akasema mimi dereva kuliko wafanyakazi wake wote."

"Ulikuwa unafikia breki?"

"Baba alinitengenezea kibao. Kina maandishi, ameyachoma kwa msumari wa moto. Kimeandikwa HAPA. Ili nikiogopa nikasahau, nitazame chini."

"Siku ile ukaondoka peke yako?"

"Chiriku alitaka kwenda. Nilimkatalia." Alisema hilo kwa kumwelekea mama yake. "Nilimkatalia, mama, Mungu shahidi. Nilimwambia kuna picha inakataza. Akaenda kuitazama. Yeye shuleni kwao wanafundishwa mambo ya picha. Akarudi anacheka, akasema mimi ndiye nisiyejua. Akasema yule mtoto wa kwenye picha hajakatazwa, amefungwa mkanda. Mkanda mwekundu. Kama kwenye gari la shule. Akasema tukifunga mkanda tunaruhusiwa."

Nje, kwenye baraza, benchi lililia. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa mbao, na msimamizi alikuwa nyuma yake.

"Nami nikatazama," mvulana aliendelea, "nikaona kweli, ni mkanda. Unapita hivi na hivi." Kwa mkono mzima alichora kutoka begani mpaka kiunoni. "Akaleta mtandio wa mama, ule wa rangi ya chungwa. Akakaa juu ya keria. Mimi nikafunga."

"Ulimfunga wapi?"

"Kwenye chuma. Nilizungusha mara mbili tumboni. Nikavuta, nikajaribu, haukulegea. Nilimfunga vizuri."

"Fundo gani?" Mama ndiye aliyeuliza.

"Lile la viatu. Halafu lingine juu yake. Kama ulivyonifundisha."

Bibi alianza kusali kwa midomo tu.

"Kwenye kona," Inspekta alisema taratibu.

"Alikuwa anaimba. Akaniambia kaza mafuta, nikakaza kidogo tu. Gurudumu la upande wa juu likapanda jiwe. Punda akaanza kuinuka. Nikaona anainuka polepole kabisa. Nikakanyaga HAPA, hakushuka. Nikamwambia Chiriku, ruka! Mimi nikaruka." Alitazama viatu vyake. "Nilimwambia ruka. Hakuruka. Nikadhani hataki."

Kuku nje alilia kidogo, akanyamaza.

"Baba alikuja mbio. Akatoa kisu. Halafu akaniambia mimi sikuwepo. Akasema, ulikuwa juu ya banda la kuku, ukaanguka. Rudia. Nikarudia mpaka nikashika. Mama, nataka kusema kitu lakini usikasirike."

"Sema."

"Usimwache baba kwa sababu yangu."

Mama aliliweka begi sakafuni. Inspekta alidhani atamkumbatia, au atamzaba kofi, kwa kuwa ameona yote mawili katika vyumba vya namna ile. Mama alipiga magoti. Akaishika miguu ya mwanawe, akazitazama zile kamba zilizoburuta siku tisa. Akaanza kuzifunga, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto.

Inspekta aliandika maelezo kwa mwandiko wake mwenyewe. Kila palipotokea neno *Baba* aliuliza, yupi? Na kila mara aliandika yupi.

*

Msimamizi alikuwa amesimama, paji la uso limeegemea ukuta wa mbao. Spana alikuwa pembeni yake, hajamshika, yuko karibu tu. Alipogeuka, kibao kilikuwa mkononi. Alikuwa amekirudisha nje na kukificha chini ya benchi kabla hawajafika. Kipande cha mbao ngumu, kimepigwa msasa kingo zote ili kisimchome mtu. HAPA, kilisema, kwa herufi nyeusi zilizochomwa kwa uangalifu mkubwa.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua. Hilo ni swali la kazi, huulizwa na huandikwa.

"Mimi nimeshakua, Afande. Yeye atakua nalo."

"Ulidhani akikuona unaingia jela kwa lililotoka mikononi mwake, atalala?"

"Nilidhani akiambiwa hakuwepo, mwishowe ataamini."

"Alikuambia kwamba alikuwa anaimba?"

"Nani?"

"Anakumbuka mpaka Chiriku alikuwa anaimba. Huyo hatasahau kwamba alikuwepo."

Msimamizi aliketi chini, barazani, kando ya kofia. "Nilimfundisha vizuri," alisema. "Breki, gia, kuegemea upande wa mlima. Nilikuwa najivuna. Watoto wa wenzangu walikuwa wanacheza na vikopo, wangu anaendesha mashine. Nilimwona mwanamume." Akapitisha kidole juu ya herufi. "Mashine ya kilo mia tatu, Afande. Mtoto ana kilo ishirini na nane. Mimi ndiye ninayepima magunia hapa. Napima kila siku. Hilo sikulipima."

"Ungamo lako la kwanza ni la kosa lisilo lako," Inspekta alisema. "Lako ni hilo ulilolishika."

"Najua."

"Basi nipe."

Alimpa, kwa mikono miwili.

Inspekta alimpigia simu tajiri pale pale, spika ikiwa wazi, Spana akiwa shahidi. Alijitambulisha, akauliza swali moja: alijua mtoto anaiendesha ile mashine?

"Mimi? Kule shamba hufika mara mbili kwa mwaka."

"Ulimpiga picha."

Kulikuwa na ukimya wa mtu anayehesabu picha ngapi amemtumia nani. "Ilikuwa mzaha tu," tajiri alisema. "Mtoto mdogo juu ya lile dude, kofia inamfika mabegani. Kila mtu alicheka."

"Usiifute," Inspekta alisema, akakata.

Gari la kaka yake mama lilikuwa linaingia getini. Lilisimama, dereva akapiga honi mara moja, akasubiri. Mama alitoka mpaka barazani. Alimtazama mumewe aliyeketi chini.

"Siku tisa," alimwambia. "Siku tisa nakuchukia kwa kosa ambalo si lako."

"Ni langu," mumewe alisema.

"Lako ni lingine. Hilo nalo nitakuchukia. Lakini ningepaswa kuanza nalo." Akashuka ngazi kwenda kumwambia kaka yake.

Spana aliwasha gari. Wakafika barabara kuu.

"Ule mstari mwekundu, mama," Spana alisema. "Nimeutazama miaka thelathini. Sijawahi kuuona kama mkanda."

"Na sasa?"

Spana alibadili gia. "Sasa sioni kingine."

*

Shitaka la kuendesha kwa hatari liliondolewa. Msimamizi alishitakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo cha mtoto na kwa kutoa maelezo ya uongo. Alikiri yote mawili, akafungwa miaka miwili, akatumikia miezi kumi na sita. Tajiri alitozwa faini, akalipa siku hiyo hiyo, akaliuza shamba mwaka uliofuata.

Mama hakuondoka siku ile. Kaka yake alikunywa maji, akarudi peke yake. Mama aliondoka baada ya hukumu pamoja na mvulana na bibi, wakapanga chumba karibu na gereza, na kila Jumapili aliyoruhusiwa alimpeleka mwanawe kumwona baba yake. Mumewe alipotoka walikaa nyumba moja. Mama hakununua mtandio mwingine badala ya ule wa rangi ya chungwa.

Mvulana aliomba aitwe kwa jina lake lote, na nyumba nzima ikamwita hivyo, isipokuwa bibi, aliyemwita mume wangu mpaka alipofariki. Shuleni huenda kwa miguu. Viatu vyake havina kamba. Mama alimnunulia vya kuvuta.

Konstebo wa zamu alipewa onyo la maandishi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitengeneza breki. Punda alikaa yadi ya polisi mwaka mzima kama kielelezo, kisha akakatwa vipande. Kuku aliangua vifaranga saba.

Spana alistaafu. Ana kibanda cha rangi na brashi kando ya soko, na mashine ya magurudumu manne ikipita mbele yake huisimamisha na kuiandika nyuma, bure, kwa lugha ya watu: MTOTO HAPANDI. Wengine hushukuru, wengine humtukana.

Inspekta aliandika barua kwa wakubwa kuhusu zile stika. Alipata stakabadhi ya kupokelewa kwa barua.

Chiriku alizikwa nyuma ya shamba, upande usio na mteremko.

Kibao kiko stoo ya vielelezo, rafu ya tatu, ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba. Aliyekiweka alikiweka maandishi yakiwa juu, na hadi leo hakuna aliyekigeuza.